Karakana Imejengwa, Mwalimu Yuko Wapi?



Miezi michache iliyopita tulitembelea chuo kimoja cha maendeleo ya wananchi, mwendo wa saa tatu kwa basi kutoka makao makuu ya mkoa. Tulikwenda kuangalia karakana ya kuchomelea vyuma. Fedha zake zilitolewa na marafiki wa parokia jirani walioko ng'ambo, na waumini wenyewe walichangia mchanga, mawe na siku za kazi. Jengo ni zuri. Lina bati la rangi, umeme wa njia tatu umeshaingizwa, na mashine nne za kuchomelea bado zimevaa nailoni za dukani. Mlango ulifunguka kwa shida kwa sababu kufuli ilikuwa imeshika kutu. Tangu siku ya uzinduzi, karakana hiyo haijafundisha mwanafunzi hata mmoja.

Mkuu wa chuo hakutuficha kitu. Jengo alipewa, mashine alipewa, mwalimu hakupewa. Alikuwa na walimu wa ushonaji, upishi, kilimo na useremala. Wa vyuma hakuwahi kuwa naye. Barua za kuomba mwalimu alikwisha kuandika tatu, na nakala zake akatuonyesha.

Kamati ya parokia ilikuwa na uchungu, na wafadhili walikuwa wameanza kuuliza maswali ambayo hayana majibu mepesi. Wengi waliamini kwamba serikali iliahidi mwalimu. Tulipofuatilia, tuligundua kwamba ahadi yenyewe ilikuwa ni maneno ya mgeni rasmi siku ya uzinduzi, kwamba suala la mwalimu "litaangaliwa". Wale tuliozoea sherehe za namna hiyo tunajua kwamba neno hilo halina tarehe wala fungu la fedha.

Kwa kuwa swali hili limetufikia kutoka kamati zaidi ya moja, tumeona heri tueleze kwa kirefu jinsi nafasi ya mwalimu wa chuo inavyopatikana serikalini. Tunazungumzia Tanzania Bara. Zanzibar ina utaratibu wake na mamlaka yake ya mafunzo ya amali. Mwishoni tutagusa pia Kenya na Ayalandi, kwa sababu baadhi ya wahisani wetu hupima mambo ya kwetu kwa kipimo cha kwao, na ni vizuri kujua vipimo vinatofautiana wapi.

Nafasi siyo mtu

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba nafasi ya kazi serikalini siyo mtu, wala siyo darasa lenye wanafunzi wanaosubiri. Nafasi ni mstari katika orodha iitwayo ikama. Ikama hutaja kada, cheo, idadi ya watumishi wanaohitajika, na mshahara wa kila mmoja. Ikiwa mwalimu wa uchomeleaji hayumo katika ikama, basi kwa macho ya serikali hakosekani. Hayupo kwa sababu hakupangwa kuwapo.

Ili mwalimu aingie darasani yanatakiwa mambo matatu: mstari katika ikama, fedha za mshahara wake katika bajeti, na kibali cha kuajiri. Ni mafiga matatu. Likikosekana moja, chungu hakikai. Mara nyingi kamati zetu hupambana kupata figa moja tu, kisha zinashangaa kwa nini maji hayachemki.

Kazi ya kutafuta mafiga hayo hufuata kalenda, nayo haisubiri mtu. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai. Kiasi cha mwezi Novemba hutolewa mwongozo wa kuandaa mpango na bajeti ya mwaka unaofuata. Baada ya hapo kila wizara, taasisi na halmashauri hukusanya mahitaji yake ya watumishi, huyapanga katika makisio ya ikama na mishahara, na kuyapeleka Ofisi ya Rais, Menejimenti ya Utumishi wa Umma na Utawala Bora, ambayo watu wengi huiita kwa kifupi Utumishi. Hapo hufanyika mashauriano. Wizara inaomba, Utumishi inapima, Hazina inaangalia mfuko. Bunge hukaa kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni kujadili na kupitisha bajeti. Hivyo barua ya mkuu wa chuo inayofika wizarani mwezi Mei, hata iwe imeandikwa vizuri namna gani, imekuta treni imeshaondoka. Itabidi isubiri safari ya mwaka mwingine. Kati ya zile barua tatu tulizoonyeshwa, mbili zilikuwa za mwezi Mei na Juni.

Mstari ukikubaliwa katika ikama na fedha zikapitishwa, bado kuna kibali. Kibali cha ajira hutolewa na Utumishi baada ya mwaka wa fedha kuanza, na mara nyingi idadi ya nafasi zilizoruhusiwa ni pungufu ya zile zilizoombwa. Zaidi ya hapo, kibali hutolewa kwa mwajiri, na mwajiri wa walimu wa vyuo vya maendeleo ya wananchi ni Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia. Wizara ina vyuo hivyo 54. Ikipata nafasi chache kuliko vyuo, kuna chuo kitakachokosa, na aliye karibu na wizara au aliyeleta maelezo kamili ndiye anayeonekana kwanza. Hatusemi kwamba kuna upendeleo. Tunasema tu kwamba afisa anayegawa nafasi chache kwa vyuo vingi hufanya kazi na karatasi zilizo mezani kwake.

Kisha hufuata kuajiri kwenyewe. Zamani kila wizara iliweza kutafuta watu wake. Sheria ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2002 ilirekebishwa mwaka 2007 ikaanzisha Sekretarieti ya Ajira, ambayo sasa hutangaza kazi, hufanya usaili wa mchujo, wa vitendo na wa ana kwa ana, na kuwapangia waliofaulu vituo vya kazi. Waliofaulu lakini nafasi zikawa zimejaa huwekwa katika kanzidata, na wanaweza kuitwa baadaye bila usaili mpya. Faida yake ni kwamba mtoto wa mkulima asiyejulikana na mtu anaweza kupata kazi kwa uwezo wake. Hasara yake, kwa vyuo vya pembezoni, ni kwamba mkuu wa chuo hana sauti katika kumchagua mwalimu. Anaweza kuletewa kijana mwenye vyeti safi ambaye akishuka kwenye basi, akaona hakuna nyumba ya mwalimu na maji ni ya kisima, anaanza kutafuta uhamisho wiki hiyo hiyo.

Na uhamisho una siri yake ambayo kamati nyingi hazijui. Mtumishi anapohamia kwa mwajiri mwingine, mshahara wake huhamishwa pamoja naye. Nyuma yake hakibaki kiti chenye fedha kinachomsubiri mrithi. Chuo kinabaki na pengo, na pengo hilo litajazwa kwa kuomba upya. Kadhalika mwalimu anapostaafu kwa lazima akiwa na miaka 60, au anapofariki, mtu wa kuchukua nafasi yake haji mwenyewe. Huombwa kibali cha ajira mbadala. Tarehe ya kustaafu inajulikana miaka mingi kabla, kwa hiyo chuo chenye mipango huanza kuandika mapema. Chuo kisicho na mipango hugundua siku ya sherehe ya kuagana.

Kwa nini pengo ni kubwa

Vyuo vya maendeleo ya wananchi vilianzishwa kuanzia mwaka 1975, wakati wa Mwalimu Nyerere, kwa msaada wa Sweden na kwa kuiga vyuo vya wananchi vya nchi za Skandinavia. Lengo lilikuwa kumpa mtu mzima wa kijijini, aliyekwisha kujua kusoma na kuandika, mahali pa kujiendeleza kwa ufundi na maarifa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 vilihamishiwa wizara iliyoshughulikia maendeleo ya jamii, na katika mwaka wa fedha 2016/17 vikarejeshwa wizara ya elimu. Mtu aliyewahi kuhama nyumba mara mbili na watoto wadogo anaweza kukisia ni vitu vingapi hupotea njiani.

Kurejeshwa kwake wizara ya elimu kuliangukia wakati mgumu. Katikati ya mwaka 2016 serikali ilisimamisha kwa muda ajira mpya na upandishaji vyeo ili kuhakiki watumishi hewa na vyeti. Taarifa ya uhakiki wa vyeti ilikabidhiwa kwa Rais Magufuli mjini Dodoma mwezi Aprili 2017, ikiwa na majina ya watumishi 9,932 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi. Uhakiki ulikuwa wa lazima. Hakuna anayetaka kodi yake ilipe mtu asiyekuwapo. Lakini kwa chuo kilichokuwa na walimu sita, wawili wakiwa wanakaribia kustaafu, miezi ile ilikuwa na maana yake. Vijana waliokuwa wamalizie ualimu na kuajiriwa walibaki mtaani, na wazee walistaafu kwa tarehe zao zile zile.

Wakati huo huo majengo yaliendelea kuongezeka. Vyuo vya maendeleo ya wananchi vilikarabatiwa kwa fedha za miradi ya elimu. Mwaka 2021 Tanzania ilipata mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa kukabiliana na athari za UVIKO-19, uliojulikana sana kama fedha za shilingi trilioni 1.3, na sehemu yake ilitumika kukamilisha vyuo vya ufundi stadi vya mikoa na wilaya vinavyosimamiwa na VETA. Baada ya hapo ulitangazwa ujenzi wa vyuo vingine zaidi ya 60 vya wilaya, pamoja na kimoja cha mkoa wa Songwe. Ni habari njema, na tunaifurahia. Ila kila karakana mpya inahitaji fundi anayejua kufundisha, na mafundi wa namna hiyo hawatoki katika mti.

Mwalimu wa ufundi stadi anatakiwa awe na ufundi wenyewe, na juu yake awe na mafunzo ya ualimu wa ufundi. Mahali panapojulikana zaidi kwa mafunzo hayo ni chuo cha ualimu wa ufundi stadi cha VETA kilichoko Morogoro. Sasa ameongezeka mwombaji mwingine katika foleni ile ile. Kuanzia mwaka 2024 mtaala mpya wa sekondari umeanza na mkondo wa amali katika baadhi ya shule, na shule hizo nazo zinataka walimu wa useremala, umeme, uashi na ushonaji. Walimu wa shule za serikali wanasimamiwa na Tume ya Utumishi wa Walimu iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015. Walimu wa vyuo hawamo katika tume hiyo. Hivyo kuna milango miwili ya ajira, na nyuma ya milango yote miwili kuna kundi lile lile dogo la mafundi wenye cheti cha ualimu.

VETA yenyewe iko tofauti kidogo, na wahisani huchanganya. VETA ni mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, na ilijaliwa chanzo chake cha fedha, yaani tozo ya kuendeleza ufundi stadi inayolipwa na waajiri kwa kiwango cha asilimia ya mishahara. Kwa miaka mingi tozo hiyo ilikuwa asilimia 6, na theluthi moja yake ndiyo iliyokwenda kwenye mafunzo ya ufundi stadi. Mwaka 2013 ilishushwa hadi asilimia 5, na mwaka 2023 hadi asilimia 3.5. Mwaka 2021 waajiri wenye wafanyakazi wasiofika 10 waliondolewa katika kulipa. Waajiri walishukuru. Lakini kila punguzo la namna hiyo hugusa mfuko ambao ungelipia mafunzo, na hata chuo cha VETA, pamoja na tozo yake, hakiwezi kuongeza watumishi wa kudumu bila ikama na kibali kama wengine wote.

Na vyuo vyetu vya dini?

Hapa tunafika kwenye swali ambalo wanakamati hutuuliza kwa sauti ya chini baada ya kikao. Hospitali teule ya wilaya inayomilikiwa na kanisa ina wauguzi na madaktari wanaolipwa na serikali. Kwa nini chuo chetu cha ufundi hakilipiwi hata mwalimu mmoja?

Jibu ni kwamba hospitali ile ina mkataba. Serikali iliona kwamba wilaya haina hospitali nyingine, ikakubaliana na mwenye hospitali kwamba itoe huduma kwa wote, nayo serikali ikachangia mishahara na gharama za uendeshaji. Mwaka 1992 Baraza la Maaskofu Katoliki na Jumuiya ya Kikristo Tanzania walitia saini na serikali hati ya makubaliano kuhusu huduma za afya na elimu. Katika afya, makubaliano hayo yalizaa mikataba ya huduma na watumishi wa kuazimwa. Katika elimu hayakuzaa kitu cha namna hiyo kwa vyuo vya ufundi. Chuo cha dini husajiliwa na Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi, hukaguliwa, hufuata mtaala wa taifa na wanafunzi wake hufanya mitihani ile ile, lakini kimahesabu ni chuo binafsi. Hakina mstari katika ikama. Mishahara yake hutoka kwenye ada, kwenye mauzo ya karakana, au mfukoni mwa mhisani.

Tunaona kuna hoja ya haki hapa, na viongozi wetu wana sababu ya kuijadili na serikali. Kijana anayesomea ufundi bomba katika chuo cha parokia anakuja kufunga mabomba ya zahanati ya serikali sawa na mwenzake wa VETA. Lakini kamati isijenge leo kwa kutegemea makubaliano ambayo hayapo.

Wenzetu wanafanyaje

Nchini Kenya mambo yamegawanyika kati ya serikali mbili. Katiba ya mwaka 2010 iliziachia kaunti vyuo vya ufundi vya vijijini, kwa hiyo mwalimu wa chuo cha namna hiyo huajiriwa na kaunti yake, na kaunti yenye bajeti nzuri huwa na walimu zaidi. Vyuo vikubwa vya ufundi viko chini ya serikali kuu. Walimu wake walikuwa chini ya Tume ya Huduma za Walimu, kisha katika miaka ya mwishoni mwa 2010 wakahamishiwa upande wa Tume ya Utumishi wa Umma. Kuanzia mwaka wa fedha 2018/19 serikali ilitoa ruzuku ya shilingi za Kenya 30,000 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, na mwaka 2023 ukaja mfumo mwingine wa ufadhili na mikopo kwa mwanafunzi mmoja mmoja. Kwa fedha za namna hiyo bodi ya chuo inaweza kujaza mapengo kwa kuajiri walimu wake yenyewe. Chuo hakilazimiki kusubiri kibali cha mbali. Ila mwalimu wa bodi hulipwa pale fedha zinapofika, na ruzuku ikichelewa ndiye wa kwanza kuambiwa avumilie.

Ayalandi, ambako baadhi ya wahisani wetu wanaishi, walitumia hesabu. Katika kozi za mwaka mmoja au miwili zinazofuata baada ya sekondari, nafasi za walimu ziligawiwa kwa uwiano wa wanafunzi. Orodha ya walioandikishwa hutoa idadi ya walimu, basi. Hadi mwaka 2013 ilikuwa mwalimu 1 kwa wanafunzi 17. Bajeti ya mwaka huo ikaubadilisha kuwa 1 kwa 19. Tazama maana yake. Chuo chenye wanafunzi 323 kilistahili walimu 19 kwa kipimo cha kwanza, na 17 kwa kipimo cha pili. Walimu wawili waliondoka bila mwanafunzi hata mmoja kupungua. Hesabu iko wazi na kila chuo kinaweza kuifanya chenyewe, jambo ambalo sisi hatuna. Hata hivyo hesabu haijui kwamba mwalimu wa uhasibu anaweza kusimama mbele ya vijana 40, na mwalimu wa kuchomelea hawezi kuwasimamia 40 wenye moto mkononi.

Mhisani anapotuandikia kwamba "chuo kina wanafunzi wa kutosha, kwa hiyo kinastahili mwalimu," anafikiri kwa kipimo cha uwiano. Kwetu, wingi wa wanafunzi ni hoja ya kuombea nafasi. Haukupi haki ya nafasi.

Kabla ya kumwaga zege

Tungependa kila kamati inayofikiria kujenga au kukarabati karakana katika chuo cha serikali ianze kwa kukaa na mkuu wa chuo na kuomba kuona ikama ya chuo. Si siri. Angalieni ni fani gani zina nafasi, zipi zimejazwa, zipi ni wazi, na nani anastaafu ndani ya miaka mitano. Ikiwa chuo kina mwalimu wa useremala mwenye miaka 42 na karakana inayovuja, ukarabati wa karakana hiyo utazaa matunda mwezi ule ule. Ikiwa mnataka fani mpya, basi barua ya kuomba nafasi itangulie mchoro wa jengo, nayo iwe wizarani kabla ya Novemba, ikiwa na idadi ya waombaji, kazi zinazopatikana eneo hilo, na saa za kufundisha kwa wiki. Nakala ipelekwe ofisi ya mkuu wa wilaya na kwa mbunge, kwa kuwa mbunge ndiye atakayekuwamo bungeni fungu la wizara litakaposomwa.

Nyumba ya mwalimu nayo isisahaulike. Kwa maoni yetu, vyumba viwili vyenye maji na umeme vimebakiza walimu vijijini kuliko semina nyingi za uzalendo.

Kuna wahisani walio tayari kulipa mshahara wa mwalimu kwa miaka miwili au mitatu wakati nafasi ya serikali inasubiriwa. Tunauona huu kuwa msaada bora kuliko jengo la pili, ila una mitego. Mwalimu huyo hataingizwa serikalini kwa sababu tu amefundisha hapo. Atatakiwa kuomba kupitia Sekretarieti ya Ajira na kushindana na wengine, na akifaulu anaweza kupangiwa chuo kilicho upande wa pili wa nchi. Mwambieni hivyo tangu siku ya kwanza. Tena mwajirini kwa mkataba wa maandishi kwa mujibu wa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, na mchango wake wa NSSF, ambao ni asilimia 20 ya mshahara kwa pande zote mbili, upelekwe kila mwezi. Tumeona kamati iliyomlipa fundi "posho" kwa miaka minne bila mkataba, na alipoachishwa wakajikuta mbele ya msuluhishi na deni ambalo hawakulitegemea. Alikuwa na haki yake.

Njia nyingine ambayo haitumiki vya kutosha ni kumsomesha mtu ambaye tayari yumo katika ikama. Mwalimu wa fani inayopungukiwa na wanafunzi anaweza kuongezewa ujuzi wa fani inayotakiwa. Ada na nauli yake ni fedha ndogo ukilinganisha na karakana, na akirudi ana cheki namba tayari, mshahara wake unatoka Hazina.

Tukirudi kwenye chuo tulichoanza nacho: kikao cha pamoja cha kamati, mkuu wa chuo na wawakilishi wa wafadhili kilifanyika chini ya mwembe nje ya karakana, maana ndani kulikuwa na joto. Wafadhili walikubali kulipa mwalimu wa mkataba kwa miaka miwili. Ni fundi wa mjini mwenye cheti, na sehemu ya malipo yake itatokana na milango na madirisha yatakayotengenezwa kwa ajili ya soko la kata. Mwalimu wa useremala, ambaye amebakiza miaka kumi na nane ya kazi, ameomba kusoma uchomeleaji. Barua ya kuomba nafasi katika ikama iliandikwa upya, safari hii ikiwa na takwimu, na ilipelekwa kwa mkono mwezi Septemba ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Hadi tunapokwenda mitamboni, darasa la kwanza lina vijana kumi na wanne, watano kati yao wasichana, na nailoni zimeshatolewa kwenye mashine tatu. Ya nne ilikutwa na waya ulioguguna panya, na inatengenezwa.